Binti Aliyejua Kusimama

Jumanne moja asubuhi Mama Spès alikuwa anakaanga beinye, maandazi yale ya duara ya kwao, katika chumba chao cha ghorofa ya tatu kule Point, karibu na bandari ya Durban, aliposikia mguu wa binti yake ukigonga sakafu. Mlio wake ulikuwa kama wa mchi unapowekwa chini. Akageuza beinye upande wa pili, akamwambia Spès avae soksi, maana mama wa chumba cha chini ana tabia ya kugonga dari kwa ufagio.

Spès akasema ameshavaa.

Mama yake akapangusa mikono, akainama, akamvua soksi. Mguu wa kulia, toka vidoleni mpaka kwenye kifundo, ulikuwa jiwe. Lilikuwa jiwe la rangi ya mchanga, kama lile la nyumba za zamani za bandarini, lenye punje ndogo zinazong'aa kidogo ukilisogeza kwenye mwanga. Kucha zilionekana vizuri, na rangi aliyopaka kwa ajili ya harusi moja ya kanisani ilikuwa bado ipo. Mama Spès akauliza kama unauma. Spès akasema hauumi, ila ni mzito kupanda nao ngazi. Beinye zikaanza kuungua, mama akaenda kuzitoa.

Kazi ya Spès ilikuwa kusimama. Karibu na maji, kwenye ghala la zamani lililopakwa rangi upya, kampuni moja ilifungua nyumba ya kumbukumbu. Watalii wanaoshuka kwenye meli kubwa, na wenyeji wanaokuja na watoto wao siku za likizo, walizungushwa humo waone maisha ya bandari ya zamani. Kulikuwa na kamba nene, magunia ya sukari, mizani ya chuma, na riksho iliyovunjika gurudumu. Kampuni ikaona vitu peke yake vinachosha macho, ikatafuta watu wa kuvaa nguo za zamani na kusimama katikati yake bila kusogea. Wasichana wa kwanza hawakudumu. Walijikuna, walicheka, waliomba kukaa. Spès hakujikuna. Wakampa nafasi ya katikati ya ua, juu ya jukwaa la saruji, awe mke wa mpagazi wa bandari anayemngoja mume wake, kikapu kichwani, kiganja kimoja juu ya nyusi, macho kwenye maji. Mwongozaji wa wageni alikuwa akifika hapo anapunguza sauti, anasema huyu ni gogo, yaani bibi, wa mji wetu.

Kusimama alifundishwa na mama yake. Walipofika Durban kutoka Uvira, Spès alikuwa bado anabebwa mgongoni. Kwenye foleni ya ofisi ya wakimbizi mtoto anayelia anakuondoa kwenye mstari, basi alijifunza kutolia. Kwenye taxi iliyojaa abiria mtoto anayeongea Kiswahili anafanya watu wote wageuke, basi alijifunza kunyamaza toka anapopanda mpaka anaposhuka. Mama Spès hakuhitaji hata neno. Aliweka kidole mdomoni, mtoto akatulia. Wamama wengi wamefanya hivyo hivyo, na hawakuwa wajinga. Kuna mwaka watu walisimamishwa njiani wakaulizwa kiwiko kinaitwaje kwa Kizulu, na aliyekosa alipigwa. Spès alipokua, kanisani walimsifu. Walisema mtoto wa Mama Spès unaweza kumpeleka popote, hata hutajua kama yupo.

Jioni ile baba yake, Baudouin, alirudi kutoka kwenye maegesho ya ufukweni anakolinda magari ya watu. Alivua kisibau chake cha njano, akaugonga mguu wa binti yake kwa kucha, akasikiliza. Akasema ni jiwe zuri, si la kubomoka. Kisha akauliza kama kampuni inajua. Spès akasema meneja ameona mwenyewe, amefurahi, amemletea brashi laini ya kusafishia.

Kesho yake walikwenda kliniki. Nesi aliutazama mguu, akaupima joto, akaandika dawa ya maumivu, akawaambia wakati mwingine waje na karatasi ambazo muda wake haujaisha. Mchungaji naye aliuombea, akataka kujua tu kama Spès ataweza kupanda kwenye jukwaa la kwaya. Alipoambiwa anaweza, polepole, akashukuru Mungu.

Shida yenyewe ilikuwa Oktoba. Elysée, mtoto wa dada yake Baudouin, ana saluni kule Overport, na alikuwa amemwahidi Spès kiti. Spès ana mkono wa kusuka. Tangu shule alikuwa anasuka wasichana wa jengo zima, na anayekaa chini ya mikono yake haondoki mpaka amecheka. Kiti kingekuwa wazi mwanzo wa Oktoba. Kampuni nayo iliomba abaki mpaka Sikukuu ya Urithi, mwishoni mwa Septemba, siku ambayo nyumba ile hujaa kuliko siku zote. Kwa hiyo ilikuwa ni kuvumilia Septemba tu. Mama Spès alisema hivyo, Baudouin akasema hivyo, na Spès mwenyewe, akiwa amelala na miguu juu ya mto kwa sababu wa pili nao ulikuwa umeanza, alisema hivyo.

Jiwe halikungoja Septemba iishe. Lilipita magoti. Baada ya kazi ilibidi Baudouin aje amshushe kwenye jukwaa, na ngazi za nyumbani alizipanda kwa mikono, ameshika chuma. Lilipofika kiunoni aliacha kukaa, alikula amesimama kando ya dirisha. Meneja alimwongezea nafasi kwenye matangazo. Picha yake ilibandikwa kwenye ubao mkubwa karibu na robot, yaani taa za barabarani, za kuingilia Point, na magari yaliposimama kwenye taa nyekundu watu walimtazama.

Aliyegundua dawa ni Ernestina. Huyu ni Mtanzania, mtu wa Bukoba, anauza nguo za mitumba pale soko la Warwick, na anakaa upande wa pili wa pazia katika chumba kile kile. Ernestina hana sauti ya chini. Jumapili moja, Mama Spès akiwa ametoka, Ernestina alimkuta Spès amesimama dirishani, shingo imekaza, akamwambia kwamba hawezi kula na mtu aliyenuna kama mnara wa posta. Akamtaka amweleze hao watalii wanafanya nini mbele yake siku nzima.

Spès akamweleza. Alisema watu wakiamini wewe ni sanamu wanakuambia kila kitu. Mwingereza mmoja alimnong'oneza siri zake zote: ana mke, ana mwingine, na ana kisukari. Akaigiza meneja anavyotembea. Akaigiza mwongozaji anavyopunguza sauti. Ernestina alicheka mpaka akashika pazia, pazia likaanguka. Walipoanza kulitundika tena waliona sakafuni, kuzunguka miguu ya Spès, kuna mchanga. Ulikuwa unamwagika kutoka chini ya sketi yake, laini, kama unga unaopita kwenye chekeche. Spès alikaa kwenye kitanda. Alikuwa hajakaa kwa muda mrefu.

Mama Spès aliporudi Ernestina alikuwa anafagia.

"Mama Spès, huyu mtoto mmemweka kama sabuni ya wageni," akamwambia. "Anaganda kwa kunyamaza. Mwache aongee, na aongee kwa sauti."

Mama Spès hakubisha. Aliona kwa macho yake binti amekaa, anakula bukari na sombe, ugali na kisamvu cha kwao, kwa mkono, goti moja limekunjika. Ila alikwenda kufunga dirisha.

Tangu siku ile walijaribu. Tatizo lilikuwa mahali pa kuongelea. Kazini hairuhusiwi, maana gogo wa bandari hawezi kuwa na Kiswahili cha Uvira. Kwenye taxi Mama Spès mwenyewe hawezi. Kwenye ngazi kuna watu. Chumbani ukuta ni mwembamba, na mwezi ule haukuwa mzuri. Kulikuwa na watu waliokuwa wanapita majengo ya Point wakiuliza nani anakaa wapi na ametoka wapi. Ernestina alisema watajua tu, hata harufu ya sombe wanaijua, lakini Ernestina hana mtoto hapa. Waliongea kwa kunong'ona. Kunong'ona kulitoa mchanga wa kujaa kijiko.

Basi asubuhi moja kabla ya kazi Mama Spès alimpeleka ufukweni, karibu na mdomo wa bandari, ambako mawimbi yanapiga kelele kuliko mtu. Baudouin alimbeba mpaka pale, akaenda kwenye magari yake. Spès akauliza aseme nini. Mama yake akamwambia aseme kitu chochote, aseme atafanya nini Oktoba.

Spès akasema. Alisema kwanza atamwambia Elysée aondoe kile kioo kilichopasuka, kinawafanya wateja waonekane wana nyuso mbili. Alisema atasuka mitindo ya Uvira ambayo mama yake alikuwa nayo kwenye picha ya zamani, na akiulizwa inaitwaje atawapa jina lake mwenyewe. Alisema akipata pesa za kutosha atanunua viatu vyenye kamba nyembamba, miguu ionekane. Sauti ilipanda. Mchanga wake ulishuka ukachanganyika na mchanga wa bahari, huwezi kujua upi ni upi, na vidole vya mguu wa kulia vikatoka, vyeusi, vimekunjamana kama vya mtu aliyekaa majini. Akavichezesha. Mama Spès alivishika kimoja kimoja, kama alivyovihesabu siku alipomzaa.

"Ongea, mama," akamwambia. "Endelea."

Ndipo wakaja wanaume wanaokimbia mazoezi, wamevaa fulana za aina moja. Zilikuwa fulana za wale wanaopita kwenye majengo. Walikuwa bado mbali. Mama Spès aliweka kidole mdomoni, Spès akanyamaza. Wanaume wakapita, mmoja akainua mkono akawasalimu kwa Kizulu, wakaendelea na mbio zao.

"Mama, wamesalimia tu," Spès akasema.

"Njo vile inaanzaka."

Walipotazama chini vidole vilikuwa vimerudi jiwe, na mchanga wa baharini bado haujakauka juu yake.

Hawakurudi tena ufukweni. Mama Spès alihesabu kwamba Oktoba iko karibu, na saluni ya Elysée imejaa kelele, redio, mashine, wateja wa Kongo wanaogombana kwa Kiswahili na Kifaransa mlango wazi. Huko mtoto atapona mwenyewe. Wamama wanajua hesabu hii. Mtoto ana homa, unasema ngoja kupambazuke.

Sikukuu ya Urithi iliangukia siku ya jua. Nyumba ya kumbukumbu ilifunguliwa kwa kila mtu, bila tiketi, na kampuni ilimwalika Mama Spès auze beinye uani. Alikaa karibu na magunia ya sukari na beseni lake. Spès alikuwa juu ya jukwaa, kikapu kichwani. Jiwe lilikuwa limefika chini ya taya. Asubuhi alipokuwa anavalishwa aliweza bado kugeuza macho na kufungua mdomo, na alimwambia mama yake amwambie Elysée asimpe mtu kile kiti.

Siku ile ile kulikuwa na maandamano. Yalitoka mjini yakashuka mpaka Point, watu wakiimba, wameshika mabango ya kuwataka wageni warudi kwao. Jua lilikuwa kali. Walipofika mbele ya ghala na kuona lango liko wazi na ndani kuna kivuli na maji ya bure, waliingia. Walinunua beinye zote. Mama Spès aliwapa chenji bila kusema neno, na hakuna aliyemwuliza.

Mwongozaji aliwakusanya kuzunguka jukwaa. Akapunguza sauti, akasema huyu ni gogo wetu aliyesimama hapa akimngoja mtu wake, na mji huu wote umejengwa na watu kama yeye. Wamama wakapiga vigelegele. Mzee mmoja akavua kofia. Mwanamke mwenye fulana ya maandamano akafungua kitambaa chake cha kichwa akapangusa vumbi kwenye vidole vya mguu wa Spès, na ili wapate mikono ya kupigia makofi, wengine wakaegemeza mabango yao kwenye jukwaa.

Spès alimtafuta mama yake kwa macho mpaka akampata.

"Mama," akasema. "Unisaidie kushuka. Imefika kwa ulimi."

Hakupaza sauti. Lakini makofi yalikuwa yameisha, na waliokuwa karibu waligeuka wakatafuta Kiswahili kile kimetoka wapi. Walitazama nyuma, walitazama langoni, walitazamana. Mchanga ulikuwa umeanza kudondoka kwenye kidevu cha Spès. Alikuwa na neno jingine mdomoni.

Mama Spès akaweka kidole mdomoni. Hakufikiri. Mkono ulikwenda wenyewe, kama unavyokwenda kufukuza nzi.

Spès akafunga mdomo. Mchanga ukaacha kudondoka. Mwandamanaji mmoja akasema labda ni simu ya mtu, na wimbo ukaanza tena.

Baudouin alipokuja jioni kumshusha hakuweza. Miguu na jukwaa vilikuwa kitu kimoja. Akapiga simu Warwick, Ernestina akaja na mpagazi mwenye kitoroli cha kubebea mizigo, wakasukuma wote wanne, pamoja na mlinzi, hakutikisika. Ernestina akakaa juu ya jukwaa, akamweleza Spès habari za mtumba wa siku ile, sketi moja iliyokuja na meno ya bandia mfukoni, kwa sauti yake yote, mpaka mlinzi akasema anafunga. Spès alikuwa anatazama maji.

Kampuni ilimleta mtaalamu wa mawe. Aligonga hapa na pale, akachukua unga kidogo kwenye kikopo, akasema sanamu ni imara na lina umri wa zaidi ya miaka sitini, kwa hiyo linalindwa na sheria na haliwezi kuhamishwa. Baudouin akamwambia lina miaka kumi na tisa, alikuwepo lilipozaliwa. Mtaalamu alimsikiliza kwa heshima. Akasema linalopimwa ni jiwe.

Elysée alingoja Oktoba yote, kisha akakipa kile kiti msichana mwingine. Kibali cha ukimbizi cha Spès kiliisha muda mwezi uliofuata. Baba yake alikwenda kuuliza, akaambiwa sanamu halihitaji kibali, liko kwao. Chake yeye kiliongezwa muda mfupi, akaambiwa arudi.

Siku za kawaida nyumba ya kumbukumbu ina milango miwili. Mmoja ni wa wenyeji, wanaonyesha kitambulisho wanapita. Mwingine ni wa wageni kutoka nje. Mama Spès hana kitambulisho cha hapa, basi kila anapokwenda kumwona binti yake anasimama kwenye mstari wa wageni, na watu wa meli. Siku moja mbele yake walikuwa mume na mke kutoka Hispania, wazee, wamevaa kofia za jua zinazofanana. Yule mke alijua Kifaransa, wakaelewana. Alisema mji wao uko baharini pia, nao wana mwanamke wao, wa shaba, mke wa mvuvi, amesimama mbele ya boma la zamani. Wageni wote wanamshika mkono kwa bahati, mpaka mkono unang'aa.

Mama Spès akauliza mama yake huyo wa shaba ni nani.

Yule mke akamgeukia mumewe, wakaongea kidogo kwa lugha yao. Akasema hawajui. Hakuna aliyewahi kuuliza.

Ndani, uani, mahali palikuwa pameboreshwa. Kulikuwa na kamba nyekundu kuzunguka jukwaa, na taa ya chini. Spès alionekana mzima wa afya. Mama Spès alikuja na maneno. Alikuwa ameyapanga toka nyumbani, ya kusema kwa sauti, Kiswahili kitupu, na liwalo na liwe. Alifika mbele ya kamba, akafungua mdomo.

Mtu akamgusa bega. Alikuwa mwanamke wa makamo, ameingia kwa mlango wa wenyeji na wajukuu wake, na fulana aliyovaa ilikuwa ile ya maandamano, imepauka kwa kufuliwa. Alimnyooshea simu, akamwomba kwa Kizulu, kwa upole, ampige picha na gogo. Akavuka kamba bila kungoja jibu, akawapanga wajukuu mbele, akamkumbatia Spès kiunoni, akaegemeza shavu lake kwenye mkono wa jiwe.

Mama Spès akaishika simu. Alirudi nyuma ili waingie wote. Kikapu kilikuwa kinakatika juu, akarudi tena kidogo, akainama, mpaka uso wa Spès ukakaa katikati. Alipiga moja, mtoto mmoja akafumba macho, akapiga nyingine.

Yule mwanamke alikuja kuiangalia. Akaivuta kwa vidole viwili, uso wa Spès ukajaa kioo chote, akautazama sana. Akamwambia Mama Spès kwamba huyu ni ukoo wao kabisa, macho haya ni ya upande wa mama yake.

Mama Spès akatikisa kichwa kukubali, akamrudishia simu, akasogea, maana nyuma yake mstari ulikuwa mrefu.